Kumtafutia makao mbwa aliyekwisha kuuma

Msomaji mpenzi, wiki hii tutayaweka kando maradhi ya sukari na shinikizo la damu ambayo tumezoea kuyajadili katika ukurasa huu, tuzungumze kuhusu mbwa. Usishangae. Daktari wa watu hukutana na mbwa wengi kuliko unavyodhani, ila yeye huyajua meno yao zaidi ya sura zao. Isitoshe, nimeulizwa mara kadhaa swali hili: mtu akimchukua mbwa kutoka kituo cha kuhifadhi wanyama, kisha akagundua kwamba mbwa huyo ana tabia ngumu, afanye nini? Amrudishe? Amwue? Ampe jirani? Nitalijibu kwa kisa ambacho mimi mwenyewe nilihusika, na ambacho sehemu yake moja sijivunii.

Alasiri moja ya Jumamosi, nikikaribia kufunga kliniki, aliingia baba mmoja amembeba mwanawe wa miaka sita. Mdomo wa juu wa mtoto ulikuwa umepasuka, na taulo waliloufunikia lilikuwa limelowa damu. Nyuma yao alikuja mfanyakazi wa nyumbani, msichana wa miaka ishirini hivi, akilia kuliko mtoto mwenyewe. Mbwa wao alikuwa amemwuma kijana nyuma ya jikoni.

Baba alitaka nyuzi papo hapo. Badala yake nilifungua mfereji, nikaliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili nikitazama saa ya ukutani. Watu wengi huniona mzembe ninapofanya hivyo. Ukweli ni kwamba katika kuzuia kichaa cha mbwa, sabuni na maji ni dawa ya kwanza, na hupatikana hata pale ambapo hakuna hospitali. Ukipaka mafuta ya taa, pilipili au majani ya kutafuna, unaudhi jeraha bure. Baada ya hapo tulidunga kingamwili kuzunguka jeraha, na kwa kuwa lilikuwa usoni, nikalishona kwa nyuzi chache zisizokaza. Chanjo ya kwanza tuliitoa siku hiyo hiyo.

"Daktari," baba akasema, "nikitoka hapa naenda kumwua huyo mbwa."

"Usimwue, baba. Mfungie ndani ya banda lenye kufuli, apewe maji na chakula, na mtoto ahamie kwa shangazi yake. Umtazame kwa siku kumi."

Hakupenda. Lakini sikusema hivyo kwa huruma ya mbwa. Mbwa ambaye mate yake yamebeba virusi vya kichaa siku anapouma, huonyesha ugonjwa au hufa ndani ya siku kumi. Akifika siku ya kumi akila na kutembea kama kawaida, basi hakuwa na virusi hivyo mateni siku alipouma, na daktari anaweza kuzikatiza chanjo zilizosalia. Ukimwua siku ya kwanza na kumfukia nyuma ya nyumba, umemzika shahidi pamoja na ushahidi wake. Mtoto alichanjwa siku ya kwanza, siku ya tatu baadaye na siku ya saba, na daktari wa mifugo akawa akija kumkagua mbwa. Siku ya kumi mbwa alikuwa mzima kabisa.

Baba alinirudia kliniki. "Sasa daktari, wewe ndiwe uliyenizuia. Basi niambie nimpeleke wapi."

Sikuwa na jibu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa kawaida, rangi ya mchanga, masikio nusu yamesimama, wa aina unayoiona kila kona ya nchi hii. Tutamwita Bosco. Alikadiriwa kuwa na miaka minne. Familia ilikuwa imemchukua kutoka kituo kimoja cha kuhifadhi mbwa miezi mitatu kabla. Nilipopiga simu kuuliza, nikaambiwa kwamba alikuwa amekwisha kuchukuliwa na kurudishwa mara mbili. Kwa nini? Aliyepokea simu hakujua vizuri. "Ni mkali kidogo," akasema. Hayo maneno mawili ndiyo waliyoambiwa baba na mama walipokuja kumchukua, nao wakafurahi, kwa sababu walitaka mbwa wa kubwekea wezi.

Yule msichana wa kazi alijua zaidi. Nilipomwuliza, alieleza bila kusita kwamba Bosco alikuwa mpole mno siku nzima, ila akishawekewa sufuria yake yenye mfupa hutulia tuli kama jiwe, hutazama kwa pembe ya jicho, na mtu akisogea hunguruma. Yeye alikuwa amejifunza kuiweka sufuria chini na kwenda zake. Siku ile mtoto alikimbilia mpira ulioviringika hadi kando ya sufuria. "Mbona hukuwaambia wenye nyumba?" nikamwuliza. "Hakuna aliyeniuliza, daktari."

Msomaji, ukitaka kujua tabia ya mbwa katika nyumba nyingi za mjini, usimwulize mwenye nyumba. Mwulize anayempikia ugali.

Hebu sasa tuingie katika somo lenyewe. Tunaposema mbwa ana tabia ngumu, tunachanganya mambo ambayo hayafanani, kama zamani watu walivyoiita kila homa malaria. Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni maumivu. Mbwa mwenye sikio lililooza, nyonga iliyochakaa au jino bovu huuma kwa sababu ile ile inayokufanya umfokee mwenzako ukiwa unaumwa na kichwa. Mnyama aliyekuwa na tabia njema miaka mingi kisha akabadilika ghafla anahitaji daktari wa mifugo kabla ya kitu kingine chochote. Na mabadiliko hayo yakiambatana na kutokwa mate, kushindwa kumeza, sauti kubadilika, kuyumba au kuuma vitu ovyo, kaa mbali naye na uwaarifu maafisa wa mifugo mara moja, maana huenda ni kichaa chenyewe. Kichaa kikishaonyesha dalili, kwa mbwa au kwa mtu, hakuna tiba ya kutegemewa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa.

Baada ya maumivu kuna woga. Huu ndio mzizi wa kesi nyingi, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Mbwa mdogo hujifunza dunia kati ya wiki ya tatu na ya 14 hivi ya maisha yake. Watu, watoto, pikipiki, miavuli, wanaume wenye kofia: akikutana navyo kwa amani wakati huo, vitakuwa vya kawaida kwake. Akiupitisha umri huo ndani ya mtaro au kwenye banda lenye giza, kila kitu kipya kitamtisha ukubwani. Mbwa mwoga hukimbia akipata nafasi. Akizibwa njia au akifungwa mnyororo, hana la kufanya ila meno.

Yuko pia anayelinda chakula, kama Bosco. Yuko asiyevumilia kuachwa peke yake, anayetafuna mlango na kulia hadi majirani wakuandikie barua. Na yuko anayefukuza kuku, mbuzi na baiskeli kwa sababu tu vinakimbia. Huyo wa mwisho si katili, ni mwindaji tu asiye na msitu.

Mbwa wengi hutoa onyo kabla ya kuuma, ila sisi hatusomi. Hulamba pua wakati hakuna chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa huku weupe wa jicho ukionekana, hukaza mwili, huficha mkia. Baadaye hunguruma. Hapo ndipo wengi wetu hufanya kosa kubwa: tunamchapa. Mbwa aliyechapwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kunguruma. Ni sawa na mgonjwa wa kidole tumbo anayemeza vidonge vya maumivu nyumbani. Maumivu yananyamaza, ugonjwa unaendelea, na siku ya kupasuka hakuna aliyejiandaa.

Narudi kwa Bosco, na kwa kosa langu.

Niliposhindwa kumjibu yule baba, nilifanya ambalo wengi hufanya. Nilimkumbuka mzee mmoja anayelinda ghala katika eneo la viwanda, mgonjwa wangu wa siku nyingi, nikajiambia: mbwa mkali, kazi ya ulinzi, tatizo limekwisha. Mzee alimpokea kwa furaha. Alimfunga mnyororo wa hatua mbili kando ya geti ambalo malori huingia na kutoka usiku na mchana. Nikarudi kliniki nikijipongeza.

Wiki tatu baadaye mama anayewauzia wafanyakazi chai alipita karibu naye akiwa na birika na mandazi. Bosco alimwuma mguuni. Meno yalipenya sketi na soksi, si kwa kina, lakini yalipenya. Yule mama alikosa siku mbili za biashara, na niligharimia chanjo zake zote kwa mfuko wangu, kama ilivyonipasa. Mzee hakuwa na kosa; alifanya kama nilivyomwambia, na mimi sikumwambia lolote la maana. Nilikuwa nimerudia maneno yale yale, "ni mkali kidogo," kama niliyoyalaumu kwa watu wa kituo.

Ukali na ulinzi ni vitu viwili tofauti. Mbwa mwenye woga aliyefungwa mahali pa kelele na wageni hageuki kuwa askari. Anageuka kuwa hatari kwa muuza chai, mtoto wa jirani na msomaji wa mita ya umeme. Fauka ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya sheria zetu, inakataza mnyama kufungwa kwa namna inayomtesa. Sikuwa nimefikiria hilo pia.

Rafiki yangu daktari wa mifugo alimchukua Bosco akamweka katika banda nyuma ya nyumba yake, kisha akaniita jioni moja. Alikuwa amemlaza kwa dawa na kumchungua kinywa. Jego moja la nyuma lilikuwa limepasuka hadi kwenye mzizi na limeoza. "Wewe ungekuwa na jino hili," akaniambia, "ungekula mfupa ukiwa umetulia?" Aling'oa jino, akamhasi, akampa dawa ya minyoo na chanjo mpya. Alinionya nisitarajie miujiza. Jino lilikuwa limechochea tabia ile, ila mbwa alikuwa ameshazoea kwamba mtu anayekaribia chakula ni adui. Kuhasiwa nako hupunguza kuzurura na kuongezeka kwa mbwa mitaani, hakuondoi woga.

Kisha aliniuliza swali lililobadilisha mambo: "Mgonjwa wako ukimpeleka hospitali kubwa, unampeleka mikono mitupu?"

La hasha. Ninamwandikia barua ya rufaa. Historia yake, kinachomsumbua, dawa alizokwisha kutumia, kilichosaidia na kilichodhuru. Basi tukaketi mezani tukamwandikia Bosco barua. Ilisema hivi:

"Mbwa dume, amehasiwa, miaka minne hivi. Ameuma watu wawili: mtoto usoni, karibu na chakula, mtu mzima mguuni, akiwa amefungwa mnyororo. Mara ya kwanza alinguruma siku nyingi kabla na hakusikilizwa. Mara ya pili hatujui. Hana shida na paka. Hajajaribiwa na kuku. Anaogopa lori, radi na wanaume wanaotembea haraka. Halii usiku. Anapenda kutembea na kunusa. Hafai nyumba yenye mtoto. Hafai mnyororo. Anafaa mtu mmoja au wawili, ua uliozungushiwa, siku zisizo na kelele."

Nawashauri wote wanaomtafutia mbwa nyumba, wawe wa kituo au watu binafsi, waandike barua kama hiyo na wasifiche hata jino moja. Najua hofu iliyopo: ukisema ameuma, nani atamchukua? Kweli, wengi watakataa, na hao ndio uliotaka wakatae. Aliyechukua mbwa akijua atamrudisha kwa nadra kuliko aliyechukua akidanganywa, na kila kurudishwa humwongezea mbwa woga.

Barua mkononi, tulianza kutafuta. Siku ya kwanza walijitokeza watatu. Wa kwanza alikuwa kijana mwenye chumba ghorofa ya nne. Mwenye jengo alikuwa amekataza mbwa, naye alikusudia kumficha. Tulimkatalia kwa upole. Mbwa wa kufichwa hubweka siku ya kwanza tu mwenye jengo anapopita. Wa pili alikuwa bwana mwenye boma kubwa, ukuta mrefu na nia njema, ila alipoulizwa nani atamlisha mbwa alijibu, "Wafanyakazi wapo." Tukamwomba tuzungumze nao. Mtunza bustani alisema wazi kwamba anaogopa mbwa tangu alipoumwa utotoni. Bwana yule alishangaa. Alikuwa ameishi naye miaka minane bila kujua. Wa tatu alikuwa familia njema ambayo mama yake alikuwa mjamzito, na mtoto hutambaa kabla hujajipanga.

Nimeulizwa pia na marafiki wa Pwani kwa nini hatukumpeleka huko. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na mbwa akifugwa kwa ulinzi hukaa nje mbali na mahali pa kuswalia. Hilo ni jambo la kuheshimiwa na la kuuliza mapema, si la kubishania. Mbwa anayehitaji kukaa karibu na mtu hatapata raha katika nyumba ambayo haiwezi kumkaribia, na nyumba haitapata raha naye.

Kama daktari, niliongeza maswali ambayo watu wa wanyama huenda wasiyakumbuke. Je, kuna mtu nyumbani mwenye selimundu? Ugonjwa huu tunaujua sana Nyanza, Magharibi na Pwani. Mgonjwa wa selimundu mara nyingi wengu wake haufanyi kazi, na asiye na wengu anaweza kuuawa haraka na vijidudu vya kinywani mwa mbwa ambavyo kwa mtu mwingine havileti makuu. Hali kadhalika anayetumia dawa za saratani, au mzee anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda. Hao wanaweza kuishi na mbwa mpole bila wasiwasi mwingi, lakini si na mbwa aliyekwisha kuuma. Na wakiumwa au hata kukwaruzwa, wasingoje kesho.

Minyoo nayo isisahaulike. Watoto hupata mayai ya minyoo ya mbwa kwenye mchanga wanaochezea. Ndugu zetu wa Turkana wameteseka kwa miaka mingi kutokana na uvimbe wa maji unaoota ndani ya ini na mapafu, unaoletwa na tegu mdogo wa mbwa. Eneo hilo limekuwa miongoni mwa yaliyoathirika zaidi duniani. Mbwa humpata tegu huyo akila matumbo mabichi yenye uvimbe. Kwa hiyo mpikie nyama ya matumbo, usimtupie mbichi kutoka machinjioni, na ufuate ratiba ya dawa utakayopewa na daktari wa mifugo.

Mwezi wa pili wa kutafuta, alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mjane, anayeishi nje kidogo ya Kitengela katika nusu ekari iliyozungushiwa waya. Alikuwa amekuja kliniki kupimwa macho. Aliiona barua mezani, akaisoma hadi mwisho, akainua miwani.

"Daktari, huyu anataka kuachwa ale kwa amani. Hata mimi nataka hivyo hivyo."

"Mwalimu, ameuma mtoto usoni."

"Nimesoma. Mimi sina mtoto nyumbani ila Desemba, wajukuu wakija."

Tulilizungumzia hilo la Desemba kwa saa nzima. Wengi hupanga siku za kawaida na kusahau likizo, arusi, matanga na siku fundi wa bomba anapokuja. Mwalimu alijenga banda lenye komeo na kufuli upande wa nyuma, lenye kivuli na nafasi ya kujinyoosha, ambalo Bosco angezoeshwa kuingia kwa hiari miezi mingi kabla ya wajukuu kufika. Ufunguo angekaa nao yeye, shingoni. Mtoto na mbwa huyu wasingekuwa katika ua mmoja kamwe, hata kwa dakika moja, hata kukiwa na mtu mzima anayetazama. Wengine watasema huko ni kuzidisha. Mimi ndiye niliyeushona ule mdomo.

Hakumchukua siku hiyo. Alikuja kwa daktari wa mifugo mara tatu katika majuma mawili. Mara ya kwanza aliketi kwenye kiti nje ya banda akisoma gazeti, asimtazame Bosco hata kidogo. Mara ya pili alimrushia vipande vya ini vilivyochemshwa. Mara ya tatu walitembea pamoja barabarani, naye Bosco akanusa kila nguzo. Ndipo tukakubaliana amchukue kwa majaribio ya miezi mitatu, na kwamba akishindwa atamrudisha kwetu bila lawama, si kumpa mtu mwingine.

Wazoefu wa kazi hii husema uhesabu siku tatu, wiki tatu, miezi mitatu. Si kanuni ya sayansi, ila nimeona ina busara. Siku tatu za kwanza Bosco alijificha nyuma ya tangi la maji. Mwalimu alimwacha. Hakualika majirani kuja kumwona mgeni, hakumwogesha, hakumbembeleza. Baada ya wiki tatu hivi tabia halisi ilianza kujitokeza, na hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa kuwa mbwa aliyekuwa kimya kituoni hujiona kwake na kuanza kufanya vitimbi. Bosco alianza kulia kila mwalimu alipokwenda kanisani. Siku moja alitafuna kiatu, kingine kikasalimika.

Dawa yake ilikuwa ya polepole. Mwalimu alitoka hadi getini akarudi kabla kilio hakijaanza. Kesho yake akavuka barabara akarudi. Juma lililofuata alikwenda dukani. Kila mara aliondoka bila kuaga na kurudi bila shangwe. Ilimchukua karibu wiki sita kufikia muda wa ibada nzima, na kwa wiki hizo sita alihudhuria misa ya asubuhi ambayo ni fupi.

Chakula kilikuwa na utaratibu wake. Sufuria iliwekwa mahali pamoja, saa zile zile, na mtu akaondoka. Mifupa haikutolewa tena. Baadaye, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, mwalimu alianza kupita mbali, hatua kumi hivi, na kutupia kipande cha ini kuelekea sufuria huku akiendelea na safari yake. Hakunyang'anya kitu hata mara moja. Kwa njia hiyo mbwa hujifunza kwamba mtu akikaribia kinaongezeka kitu, hakipungui. Hatua kumi zikawa nane, kisha tano. Kwenye hatua tatu Bosco alikaza mwili, mwalimu akarudi kwenye tano na kubaki hapo. Bado yuko hapo. Tabia hii mara nyingi hupoa bila kwisha, na mwenye kuahidi kwamba atamponya mbwa wako kwa wiki moja kwa fimbo na kola ya miiba anakuuzia jeraha.

Sitakuficha, msomaji, kwamba si kila mbwa hupata Kitengela yake. Mwaka uliofuata daktari yule aliniita kunionyesha mwingine, jike kubwa lililouma watu wanne bila onyo lolote, kwa kina, na kurudia kuuma mtu akiwa ameshaanguka. Tulimpima maumivu, hatukuona. Tulitafuta miezi mitano. Mwishowe alidungwa sindano ya kulala akiwa amelala kwenye mapaja ya mtu aliyemlisha, na hakuna aliyekuwa na la kusema tulipotoka nje. Kumpa mtu mwingine mbwa kama huyo bila kumwambia ni kuhamisha jeraha kutoka mtaa mmoja hadi mwingine.

Kama una mbwa wa namna ya Bosco leo, anza na daktari wa mifugo. Zungumza pia na chama cha KSPCA, ambacho kimekuwa kikihudumia wanyama nchini tangu 1910 na kina makao yake Nairobi. Kama mbwa alitoka kituo kingine, kituo hicho kinapaswa kujua kilichotokea hata kama hakitampokea tena. Mchanje kila mwaka. Mpango wa kitaifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ulioanza 2014 unalenga kwamba ifikapo 2030 asife mtu yeyote nchini kwa kichaa kinacholetwa na mbwa, na kwa hilo inabidi angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wachanjwe. Na ukiumwa na mbwa yeyote, wa kwako au wa mtu, aliyechanjwa au la: sabuni, maji, dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, usije ukazunguka mji mzima na jeraha.

Yule mtoto sasa yuko darasa la tano. Kovu lake ni mstari mwembamba unaoonekana akicheka. Baba yake hakuwahi kuuliza Bosco alikwenda wapi, hadi mwezi uliopita, alipomleta kijana kwa kikohozi. Nilimwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anakula vizuri. Anakula vizuri, nikamjibu. Chanjo yake inayofuata ni Septemba, na mwalimu amekwisha kuizungushia duara kwenye kalenda.